Mbegu ya Mama Kokuhirwa

Mama Kokuhirwa hakupenda kuambiwa na mashine kwamba ameshiba. Kila asubuhi, kipaza sauti cha jikoni kilipoanza kusoma taarifa za tumbo lake, alikuwa akikijibu kama mtu anavyomjibu jirani mbea.

"Habari za asubuhi, mlezi," kilisema Jumatatu hiyo. "Mbegu zimestawi vizuri. Nyuzinyuzi za jana zilitosha. Unashauriwa kuongeza mboga za majani."

"Majani niliyokula jana yangemshibisha mbuzi," alisema Mama. "Kawaambie hao waliokutuma."

Asimwe, mke wa mwanawe, alicheka mpaka ndizi aliyokuwa akiimenya ikamponyoka ikaangukia kwenye maganda. Mama aliiokota, akaisuuza, akairudisha kwenye beseni. Kisha akakohoa, kikohozi kifupi cha kujizuia, akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Moshi," alisema.

Jiko lilikuwa la umeme wa jua. Halijawahi kutoa moshi tangu lilipowekwa. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimehamia kwa Asimwe, naye akawa anasikiliza habari zake mwenyewe.

"Mpokeaji: mbegu zimeshika theluthi moja. Dozi ya kwanza ya dawa ya kinga ni Alhamisi mchana. Endelea kula kama mlezi wako anavyokula."

Wote wawili walikuwa wamemeza punje, kitu kidogo kama chembe ya mchele, kinachokaa utumboni na kuhesabu aina za bakteria waliomo. Punje haikujua kitu kingine. Haikujua mapigo ya moyo, wala homa, wala kama mtu amelia. Ilijua tu nani anaishi tumboni na anakula nini. Kila wiki muuguzi wa kliniki alipanda kilimani Kamachumu, akachukua mbegu, yaani hao bakteria, kutoka kwenye choo cha Mama, zikasafishwa na kuwekwa kwenye vidonge, na siku hiyohiyo Asimwe akavimeza. Zilipogandishwa zilipoteza nguvu, kwa hiyo hapakuwa na akiba mahali popote. Akiba ilikuwa Mama mwenyewe, na migomba yake.

Miaka sita nyuma Mama ndiye aliyekuwa na saratani ya titi. Dawa ya kinga, ile inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, ilikuwa ngeni Bukoba wakati ule, na wanawake walioipata pamoja naye wengi haikuwasaidia. Yeye ilimwinua kitandani. Watafiti walimchunguza damu, wakamchunguza vinasaba, wakamchunguza mpaka ukoo, na mwisho wakalikuta jibu tumboni. Ugonjwa wa migomba ulipopita, watu wengi wa kilimani walikuwa wameng'oa vibanja vyao vya migomba na kuanza kula mikate laini na vyakula vya paketi vilivyoletwa na droni. Mama aliing'oa migomba iliyokufa, akapanda mingine. Aliendelea kula ndizi zake, maharage yake, njugumawe na majani ya maboga, na ndani yake likabaki kundi la bakteria ambalo kwa wenzake lilikuwa limekufa njaa.

Halafu mwaka huu daktari akakuta uvimbe kwenye titi la Asimwe.

Mbegu za mtu haziwezi kuhamia kwa yeyote tu. Hushika vizuri kwa aliyekula chungu kimoja na mlezi kwa muda mrefu. Kaijage, mume wa Asimwe na mtoto pekee wa Mama, alikuwa kwenye shamba la umeme wa jua Shinyanga, na tumbo lake, kwa maneno ya mama yake, lilikuwa limekuwa la soseji. Lakini Asimwe alikuwa ameishi kwenye kibanja hiki tangu alipoolewa. Alikuwa ameivishwa na jiko la Mama.

"Kula," Mama alimwambia sasa, akimsogezea sahani.

"Wewe je?"

"Mimi nimeonja wakati napika. Kula."

* * *

Mchana Asimwe alimkosa Mama ndani. Binti yake, Kemilembe, alikuwa shuleni, na nyumba ilikuwa kimya. Akatoka nyuma, akaita, akaingia kibanjani akipangua majani makavu ya migomba kwa mkono.

Alimkuta ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye mgomba, amevaa sweta zito chini ya jua kali. Kapu la maharage mabichi lilikuwa pembeni, halijaguswa. Mama alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbizwa, na ncha ya kanga yake aliikunja haraka ndani ya kiganja alipomwona.

"Nipe hiyo," alisema Asimwe.

"Nikupe nini?"

"Mama. Nipe."

Aliikunjua mwenyewe. Makohozi yalikuwa na rangi ya kutu.

Asimwe alimgusa paji la uso, akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria. "Tangu lini?"

"Ni mafua tu."

"Tangu lini?"

Mama aliangalia pembeni. "Jumamosi. Kichomi kilianza ubavuni."

"Twende hospitali. Sasa hivi. Naita gari."

"Keti."

"Mama..."

"Nimesema keti, mama Kemi. Keti tuongee kama watu wazima."

Asimwe akaketi. Mama alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa moto na mkavu. Alisema polepole, maneno machache kwa kila pumzi.

"Nikienda, watanidunga antibayotiki. Hizo hazichagui. Zinaua wanaonichoma ubavu, na zinaua mbegu zako. Daktari alituambia sote wawili tukiwa tumekaa. Ni miezi mitatu kabla tumbo langu halijaota upya." Akakohoa, akajishika ubavu. "Wewe unayo hiyo miezi mitatu?"

Asimwe alikuwa ameona picha za mwezi uliopita na za mwezi huu zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu kwenye ukuta wa kliniki. Uvimbe ulikuwa haupendi kungoja.

"Basi," alisema Mama. "Alhamisi asubuhi wanakuja, wanachukua mbegu. Mchana unapata dawa yako. Jioni nakwenda hospitali mwenyewe, kwa miguu yangu. Nimewahi kuugua kichomi mara mbili kabla hujazaliwa, na nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni. Kitanishinda leo?"

"Na usipofika Alhamisi?"

"Nitafika."

"Mama, usipofika?"

Mama alitabasamu, tabasamu la upande mmoja ambalo Kaijage alilirithi na Kemilembe akalirithi kwake. "Basi wewe utakuwa umefika. Usimwambie mtu. Sikukuzaa, lakini nakuomba kama niliyekuzaa."

* * *

Asimwe alimwingiza ndani, akamlaza, akamfunika, akampa maji. Kisha alitoka uani akampigia Dkt. Mpangala wa kliniki, ambaye alipokea akiwa anatafuna kitu.

"Asimwe! Nimeona taarifa zenu. Mama yako amestawi kama shamba la serikali."

"Daktari, nilitaka kuuliza tu. Kwa kujua. Mlezi akipata homa, inakuwaje?"

"Mbegu ya mwenye homa sipokei. Inaweza kubeba ugonjwa wake."

"Na kama Alhamisi sipati mbegu? Dawa itafanya kazi?"

Kutafuna kulikoma. Dkt. Mpangala alikuwa mwanamke aliyependa kueleza, na kwa kawaida alieleza kwa furaha, lakini sasa sauti yake ilishuka.

"Nilikuonyesha yale majaribio ya maabara. Tulichukua kipande cha uvimbe wako, tukaweka na askari wa damu yako mwenyewe, zile chembe za kinga, tukatia dawa. Unakumbuka walivyofanya?"

"Walilala."

"Walilala. Sikiliza. Saratani inawashika askari mkono na kuwaambia, mimi ni wa hapahapa nyumbani, piteni. Dawa inaubandua ule mkono. Lakini askari aliyeachiwa si lazima ajue aende wapi. Wale bakteria wema, wakishiba nyuzinyuzi, wanatoa vitu vinavyoingia kwenye damu na kuwaamsha vizuri. Kwa uvimbe wa aina yako, bila wao, naona askari wanaoamka wakipiga miayo. Na dozi ya kwanza ndiyo inayowafundisha. Wakijifunza vibaya, kuwafundisha upya ni kazi nzito." Kisha akauliza, "Nani anaumwa, Asimwe?"

"Hakuna."

Neno lilitoka jepesi mno. Alikata simu akabaki ameishika, akishangaa jinsi kinywa chake kilivyokuwa tayari.

Alimpigia Kaijage. Alipanga kumwambia taratibu, lakini aliposikia tu sauti ya mumewe ikisema "Mama Kemi," akayamwaga yote pamoja: homa, makohozi, Alhamisi. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya, na katika ule ukimya alielewa.

"Ulikuwa unajua."

"Aliniambia jana," alisema Kaijage. "Aliniapisha."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, Asimwe? Niseme apelekwe hospitali, ni kama nakwambia wewe... Nisiposema, ni mama yangu. Nimekaa hapa tangu jana nazunguka mitambo kama kichaa. Nilitumaini utagundua mwenyewe. Nilitumaini pia hutagundua." Sauti ilimkatika. "Niambie nifanye nini, nitafanya."

Hasira ilimpanda Asimwe, ikashuka. Aliijua sauti ya mumewe anapolia kwa kujibana. Aliisikia mara moja tu, siku alipomwambia habari za titi.

"Sikuulizi uchague," alisema. "Panda basi uje. Hilo tu."

Lakini hakuita gari.

Hilo ndilo alilolijua peke yake baadaye, na halikumwacha kwa muda mrefu. Mchana ule alichuma kisamvu. Alimpokea Kemilembe kutoka shule, akamwambia Bibi ana mafua, asimsumbue. Alikoroga uji wa ulezi, akachemsha maji ya tangawizi, akampelekea Mama kila baada ya muda, akamgusa paji la uso na kujiambia kwamba joto limepungua. Lilikuwa halijapungua. Alikuwa anamwangalia mtoto wake akiandika kazi ya shule mezani, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na alitaka kuishi. Alitaka kwa nguvu ambayo haikuwa na adabu. Alhamisi ilikuwa pale mbele, karibu hivyo, na mtu aliyempenda alikuwa amempa ruhusa.

* * *

Jumanne asubuhi, Kemilembe alipokwisha kwenda shule, Asimwe alimpelekea Mama uji. Alimkuta ameketi kitandani amejaribu kuvaa, kitenge kimefungwa upande. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama maji ya zambarau.

"Nakuja kumenya ndizi," alisema Mama. "Leo ni zamu ya..."

Hakulimaliza. Alijaribu tena, akavuta pumzi, pumzi ikakataa kuingia, na macho yake yakamtazama Asimwe kwa mshangao, kama anayemuuliza nani kamnyang'anya neno.

Kikombe cha uji kilitua sakafuni. Asimwe alikuwa ameshabonyeza simu.

"Usi..." alisema Mama.

"Nimeshaita."

"Asimwe."

"Nimeshaita, Mama! Usiongee. Pumua. Pumua nami." Alipanda kitandani nyuma yake, akamkalisha wima, mgongo wa Mama kifuani pake, upande ule wenye uvimbe, na uliuma, naye akamkumbatia vilevile. Wakakaa hivyo mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitali walimwekea oksijeni kwanza. Dkt. Mpangala alikuja kutoka kliniki yake bado amevaa koti la maabara, akamtazama Asimwe mara moja, asiseme neno kuhusu simu ya jana. Muuguzi alikuwa ameshaandaa sindano, na Mama aliisukuma barakoa ya oksijeni pembeni.

"Kwanza chukueni mbegu," alisema. "Ndipo mnidunge."

"Ya mwenye homa siipokei, Mama," alisema Dkt. Mpangala. "Hata ningeipokea, mtu anayepumua hivi simsubirishi."

"Basi msinidunge. Ni mwili wangu."

Daktari, aliyekuwa amenyoosha mkono kuipokea sindano, aliuacha hewani. Alikuwa mtu wa sheria, na ile ilikuwa kweli: mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kukataa. Akageuka akamtazama Asimwe, na muuguzi naye akamtazama, na Asimwe akaona kwamba hakuna mwingine chumbani.

Alipiga magoti kando ya kitanda ili nyuso zao zilingane.

"Mama, nisikilize. Nikipona kwa njia hiyo, nitakula nini? Niambie. Kila nikikaa kwenye kile chungu, nitakula nini humo?"

Mama alimtazama.

"Chakula hakitapita hapa," alisema Asimwe, akijigusa koo. "Na nisipokula, hizo mbegu ulizonipa zitakufa, nami nitakufuata, na Kemi atatukosa wote wawili. Hilo ndilo unalolitaka? Jana nilikubali. Nakwambia ukweli, jana nilikubaliana nawe na nikachemsha uji. Leo siwezi."

Mama akafumba macho, akageuza uso ukutani, na akanyoosha mkono nje ya shuka kwa ajili ya sindano.

"Umenimwagia," alisema kwa ukuta. "Umenimwagia chungu chote."

* * *

Jumatano Mama hakusema na mtu. Homa ilianza kushuka, rangi ikarudi midomoni, lakini Asimwe alipoingia alijifanya amelala, na alijifanya vibaya.

Dkt. Mpangala alimwita Asimwe kwenye benchi la nje, chini ya paa la vigae vya jua.

"Nina njia mbili, na hakuna ninayoipenda," alisema. "Tungoje tumbo la Mama liote upya. Ni miezi mitatu, na ninahofia uvimbe wako utakuwa umeshafika mahali pengine. Au kesho nikupe dawa na hizo mbegu ulizonazo. Theluthi. Sijawahi kumpa mtu zikiwa theluthi. Sina mgonjwa wa kukulinganisha naye."

"Wewe ungefanya nini?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia." Alichezea kifungo cha koti. "Ninachokijua ni hiki: mbegu bila chakula ni wageni tu. Wakikosa cha kula wanaondoka. Wakila wanazaana. Ukichagua kesho, basi leo na kesho na kila siku baada ya hapo, chakula chako ndicho mlezi wako. Dawa itakutia kichefuchefu, na utalazimika kula vilevile."

"Kesho," alisema Asimwe.

Kaijage aliwasili jioni hiyohiyo na vumbi la Shinyanga kwenye nyusi. Alimkumbatia mkewe mlangoni mwa wodi mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, kisha akaingia kwa mama yake akatoka baada ya muda mfupi.

"Amesema nini?" aliuliza Asimwe.

"Amesema nimenenepa. Halafu amelala."

Alhamisi Kaijage aliamka akapika. Alimenya ndizi kwa maganda manene mpaka nusu ya ndizi ikaenda na ganda. Maharage aliyaivisha kupita kiasi, njugumawe akaziivisha pungufu, na majani ya maboga hakuyavua zile nyuzi zake ngumu. Alivibeba vyote hospitali katika hotipoti moja. Asimwe alikaa kwenye kiti cha matibabu, mpira wa dawa ukiwa mkononi, na akala. Alitafuna zile nyuzi za majani kama mtu anayetafuna kamba. Dawa ilikuwa inaingia tone kwa tone, nyepesi kama maji, na hakusikia chochote, wala askari wala miayo. Alisikia tu macho ya mumewe yakifuata kila tonge.

"Vipi?" aliuliza Kaijage.

"Ni chakula kibaya kuliko vyote nilivyowahi kula," alisema Asimwe, "na usithubutu kuniondolea sahani."

Baadaye, kichwa kikiwa kizito, alikwenda wodini akaketi kando ya Mama, aliyekuwa amefumba macho. Hakumwita. Alikuwa karibu kusinzia yeye mwenyewe aliposikia sauti.

"Leo umekula nini?"

"Ndizi. Maharage. Njugumawe. Majani."

"Nani kapika?"

"Kaijage."

Mama alifumbua jicho moja. "Maskini wewe," alisema, na mkono wake ukatoka chini ya shuka ukatafuta wa Asimwe, ukaupata.

* * *

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Dawa ilimpiga Asimwe tumboni na kwenye viungo. Kuna asubuhi ambazo harufu ya ndizi zinazochemka ilimtoa nje akitapika kwenye maua, kisha akarudi, akanawa, akala. Mama alipotoka hospitali alikuwa amekonda na hana nguvu ya kusimama jikoni, kwa hiyo alipewa kiti na akawa anapika kwa mdomo. "Punguza moto. Si huo. Funika na jani, si mfuniko. Unaharakisha kwenda wapi?" Kaijage aliomba likizo ikaisha, akaomba nyingine. Alijifunza kuvua nyuzi za mboga. Kemilembe alikataa kabisa kula soseji za paketi shuleni, akidai ni za tumbo la baba.

Punje ya Asimwe ilisoma theluthi, ikashuka chini ya theluthi wiki ya kutapika sana, ikapanda tena. Hakuna aliyesema lolote wakati kipaza sauti kinasoma. Hata Mama aliacha kukijibu.

Siku ya picha walikwenda wote. Dkt. Mpangala aliziweka ukutani, ya zamani na mpya, akazitazama yeye mwenyewe kama vile hakuwa amezitazama tayari asubuhi nzima.

"Umepungua," alisema. "Si kwa kiasi nilichokitamani. Nilitamani nione nusu, naona robo. Lakini haukukua, na haujakwenda popote. Askari wameamka, Asimwe. Wachache, lakini wako macho. Tunaendelea na dozi."

Kaijage alitoka nje ghafla kana kwamba amesahau kitu kwenye gari, ingawa hawakuja na gari.

Asimwe aliitazama ile robo ukutani. Alikuwa amejiandaa kwa habari mbaya na kwa habari njema, na hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa kazi, ilikuwa kesho na keshokutwa, ilikuwa sufuria nyingine ya maharage. Alishangaa kuona kwamba inamtosha.

"Kuna lingine," alisema Dkt. Mpangala, akageukia kwa Mama. "Punje yako nimeisoma. Ndani mwako ni uwanja mtupu. Tulidhani ungeota upya mwenyewe, lakini dozi za hospitali zilikuwa kali na umri nao umesogea. Sipendi kukuacha hivyo. Saratani yako ililala kwa sababu ya walinzi wale. Wasiporudi, siwezi kukuahidi kitu."

"Basi nitafutie mlezi," alisema Mama.

"Anayefaa ni aliyekula chungu kimoja nawe. Mwenye mbegu zako hasa, zilizo hai."

Mama alimtazama daktari, kisha polepole akageuza shingo, akamtazama mke wa mwanawe. Asimwe alikuwa ameshaelewa na alikuwa anakaza midomo asicheke, maana machozi yalikuwa yanakuja pia na hakutaka vitoke kwa pamoja.

"Hizo za kwake?" aliuliza Mama. "Zilizopita kwake?"

"Zilikuwa zako. Yeye amezilea. Zimepungua idadi, lakini nimezipima, zina nguvu. Na dawa anayoitumia haizidhuru. Kiasi kidogo kila wiki hakitampunguzia."

Wiki hiyo muuguzi alipanda kilimani kama zamani. Safari hii alianzia chumbani kwa Asimwe, na adhuhuri akarudi na kidonge kimoja kwenye kikopo. Familia nzima ilisimama jikoni kuangalia, Kaijage na kisu cha kumenyea mkononi, Kemilembe juu ya kigoda. Asimwe alijaza kikombe maji, akampa Mama kwa mikono miwili.

Mama alikishika kile kidonge kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku.

"Miaka yote mimi nakulisha," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nimekufundisha kupika, nimekufundisha kupanda, nimekuzalisha mtoto kwa mikono hii mvua inanyesha barabara imekatika." Akaguna. "Na sasa nakula ulichokwisha kula wewe."

"Unaweza kukataa," alisema Asimwe. "Ni mwili wako."

Mama alimkazia macho kwa muda, kisha akakitupa kidonge mdomoni, akanywa maji yote, akafuta midomo kwa kiganja. Walimsubiri. Alikaa anatafakari, ulimi ukizunguka ndani ya shavu.

"Hakina chumvi," alisema.

Asimwe aliangua kicheko kilichompinda, akashika ukingo wa meza, ubavu ukimuuma, titi likimuuma, akacheka vilevile mpaka machozi yakatoka. Mama alimwacha acheke, akasogeza kiti chake karibu na beseni, akamwambia Kaijage ampishe, akachukua kisu. Ndizi zilikuwa bado nyingi.